Kidole cha Mama kwenye Kola ya Kaki

Kila mawese yanapochemka huku Kizuka, na ile harufu nzito ikashika hadi kwenye nywele, mimi huikumbuka kola ya sare yangu ya kwanza. Leo nina diploma ya ualimu. Nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione, na siombi radhi. Lakini nisikilizeni, niwaambie ilivyoanza.

Tulirudi nchini kwetu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, nikiwa na miaka kumi. Tukaambiwa shule ya msingi ni bure. Mama hakuwahi kuingia darasani, na neno bure alilijua kwa namna moja tu: kambini, cha bure kiligawiwa. Basi siku ya kuandikisha alinishika mkono, gunia tupu kwapani, kadi ya posho kifuani. Tulipofika mbele ya direkteri, mkuu wa shule, aliiweka kadi mezani, akanyoosha kidole gumba apakwe wino kama kambini.

"Amahoro, mama. Hii kadi ni ya nini?"

"Ya mutoto. Daftari, inifomu, na sabuni kama iko."

Uwanja mzima ukacheka. "Mutanzania anataka maharage!" akapiga kelele mmoja. Direkteri hakucheka. Alieleza polepole kwamba kusoma hakulipiwi, ila sare na daftari ni juu ya mzazi, na bila sare nisingepokelewa Jumatatu.

"Jumatatu atakuja nayo," mama akasema, akalikunja gunia lake.

Wiki ile nzima alizungusha mashine ya kukamulia mawese pamoja na wanaume. Alilipwa mafuta, akayabadilisha sokoni Rumonge kwa kitambaa cha kaki. Fundi aliishona sare kubwa, ya kukulia ndani yake miaka mitatu. Jumatatu asubuhi mama alininyoosha kola kwa haraka, na alama ya kidole gumba chake ikabaki pale, rangi ya chungwa ya mawese, mistari yake yote ikionekana.

Kwa kuwa sikujua Kifaransa, waliniweka mwaka wa kwanza, mimi niliyekwisha kumaliza wa tatu Tanzania! Tulibanana watano kwenye benchi la watatu, wengine wakikalia matofali. Wakaniita Bibi kwa urefu wangu. Mwisho wa mwaka Bibi alikuwa wa kwanza, na wa pili hata hakumkaribia.

Ila alama ile iliniaibisha. Kila jioni nilishuka ziwani, nikaisugua kwa mchanga hadi ikafutika. Mama aliitazama kola, akasema tu, "Imetakata."

Diploma yangu ina saini tatu za watu nisiowahi kuwaona. Mama alikuwa na saini moja tu, kidole gumba chake, ile iliyotulisha kambini, na mimi niliisugua kama uchafu. Nililielewa hilo nikiwa mtu mzima.

Siku hizi ni mimi ninayeandikisha watoto katika shule ileile. Juzi alifika mama mmoja aliyerudi karibuni, kapu tupu kichwani. Kabla watoto hawajamwona nilikuwa nimeshafika kwenye lango.

"Karibu, mama. Tuandike mutoto kwanza. Ya inifomu tutaongea mimi na wewe."

Penye nafasi ya saini ya mzazi nikamsogezea wino. Alibonyeza kwa nguvu zake zote. Nikaliacha daftari la majina wazi mpaka wino ukakauka.