Mama Mwenye Kugeuka

Katika video zetu zote mimi nilikuwa mtu wa kuangukiwa. Kaka mmoja wa darasa la mwisho ndiye mwenye telefone, ndiye anayebuni mchezo, ndiye anayecheza yule mkubwa wa kuchekesha, na koti la babu yake na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa mama mkwe anayemwagiwa maji, au muuguzi anayejichoma sindano yake mwenyewe, au muuza maharagwe ambaye beseni lake linapinduka. Dakika moja na nusu, imekwisha. Tulipiga video kila Jumamosi nyuma ya shule, telefone imeegemezwa kwenye tofali.

Katika mchezo mmoja nilimkosea mama mmoja wa kambini, na ninaandika haya kwa sababu mpaka leo sijui kama nimemharibia au nimemsaidia.

Video zetu hazina maneno. Kaka aliamua hivyo tangu mwanzo. "Tukisema neno moja tu, watu watasikia kwanza tunatoka wapi. Kisha njo waamue kama watacheka ao hapana." Hata "ndio" yetu, tunayoitamka "njo", ingetutaja. Hapa kwetu Lushebere kuna kambi ya waliokimbia vita. Kwenye bomba la maji unasikia Kihunde, Kinyarwanda na Kinyanga, na kila mtu anasikiliza jirani yake anaongea nini. Lakini mtu akianguka kwenye matope, hakuna anayemuuliza kabila.

Mimi ilinifaa kwa sababu nyingine: naona haya sana. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini halitoki, na wenzangu wanasema, "Mumuache, huyo ni ukuta." Kwenye video ukuta ulikuwa unafaa. Shida ni kwamba bila maneno, watazamaji wanapaswa kumjua mtu kwa mwili wake, na mimi kila Jumamosi nilidaiwa mtu mpya. Nikaanza kuwaiba. Niliiba namna muuza chumvi anavyojikuna, na namna mwalimu wa hesabu anavyopandisha suruali. Wenyewe walicheka.

Yule mama wa kambini niliyemkosea anatoka upande wa Walikale, mbele ya Kashebere. Analimaga shamba pamoja na mama yangu, mistari yao inaenda sambamba, wanaongea kidogo. Akirudi, amebeba kuni kwa kamba ya kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa huku. Mzigo wa kamba hauruhusu kugeuza shingo. Ukitaka kuona nyuma, unageuka mwili mzima, na kuni zinazunguka pamoja nawe. Wengine basi hawaangalii nyuma. Yeye anaangalia. Kila baada ya hatua kumi hivi anasimama, anageuka kama mlango, anatazama barabara, anarudi mbele, anaendelea.

Niliona ni ya kuchekesha. Naandika ukweli: nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Tulipiga hivi: mimi niko mbele na kuni, kaka ananifuata na sinia la mayai. Ninageuka, kuni zinamchapa, yai moja linaanguka. Anashika sinia vizuri, ananifuata tena. Mara ya tatu anaruka pembeni kunikwepa na kuanguka mtaroni na sinia lote, na mimi naendelea na safari sijui kitu. Hatujawahi kuchekesha vile. Wenye pikipiki waliipeleka kutoka telefone hadi telefone, ikafika Kashebere, ikapita.

Baada ya wiki moja mama yangu aliniita jikoni. Hakupandisha sauti.

"Leo mwenzangu wa shamba amepita kwenye majani ya tembo, ameacha barabara. Unajua sababu?"

"Hapana, mama."

"Watoto wa kambi wanamufuata. Akigeuka, nao wanageuka, wanajiangusha, wanasema, 'Mayai! Mayai!' Wewe njo uliwafundisha."

Niliinama kuchochea moto.

"Na unajua anaangaliaka nini nyuma?"

Akaniambia. Yule mama alikuwa na binti wa miaka minane, mvivu wa kutembea, aliyebaki nyuma siku zote. Toka zamani, wakitoka shamba, mama alikuwa anageuka kumwona. Siku ya kukimbia aligeuka, akamwona. Akageuka tena, akamwona. Akageuka tena, kulikuwa na watu wengi, mbuzi, magodoro, na mtoto hakuwepo. Sasa ni miaka mitatu.

Kesho yake nilienda kambini na maneno niliyoyaandika kwenye karatasi, nikayasahau yote. Alikuwa anamenya mihogo mbele ya hema lake.

"Mama, nakuomba musamaha," nilisema. "Mimi njo wa kwenye video."

"Najua. Kaa." Alimaliza muhogo mmoja. "Mimi sijaiona. Wananichekelea kitu sijaona. Nionyeshe."

Nilikuwa nayo kwenye telefone ya mama yangu. Aliiangalia bila kupepesa. Kaka alipoanguka mtaroni, mdomo wake ulicheza kidogo, nafikiri alicheka. Kisha akasema, "Rudisha." Aliiangalia mara nne.

"Imefika wapi hii?"

"Imepita Kashebere, mama."

"Unageukia kuume. Mimi nageukiaka kushoto. Yeye alikuwa anatembeaka upande wa kushoto, kwenye majani." Akanirudishia telefone. "Fanya tena, fanya kama mimi. Mutoto wangu akiona, atajua ni mimi. Watu wengine wacheke tu."

Alisimama, akachukua kamba, akanifunga kuni zake kwenye paji, akanitembeza mbele ya hema hadi nikajua. Watoto walikuja kucheka. Aliwaacha. Mimi nilitaka ardhi inifiche, lakini nilitembea.

Jumamosi nilimweleza kaka. Alikuna kichwa. "Dada, ile si mchezo tena. Ile ni tangazo la mutoto aliyepotea. Watu hawatacheka."

"Watacheka," nilisema. "Wewe anguka vizuri."

Wenzetu wakapiga kelele, "Eeh! Ukuta unaongea!" Lakini tulipiga. Safari hii ilikuwa yeye na godoro kichwani, na mimi nageukia kushoto. Tulipiga nyingine, na nyingine, karibu kila juma, na sasa tuliziweka mtandaoni. Alianguka vizuri.

Yule mama alirudi barabarani. Watoto walimfuata kidogo, wakachoka. Kila Jumapili baada ya misa ananingoja.

"Wameandika nini?"

Ninamsomea yaliyoandikwa chini ya video: sura za kucheka, sura za kucheka, mtu anayesema niolewe. Anasema, "Aksanti, mutoto wangu," anaenda. Siku nyingine nilitokea mlango wa nyuma wa kanisa nisikutane naye. Hilo pia naliandika.

Juma lililopita mtu tusiyemjua, picha yake ni pikipiki tu, aliandika, "Huyu mama mwenye kugeuka anaishi wapi?" Hakuna sura ya kucheka.

Nilimwonyesha mama yangu. Alizima telefone. "Usijibu. Muntu anayeuliza mukimbizi anaishi wapi, unajua anatafuta nini? Na usimwambie mwenzangu. Utamuua na furaha, kisha utamuua tena."

Nilikaa nayo siku tano. Nikijibu, labda ninamleta mtu mbaya. Nikinyamaza, labda mtoto anangoja upande wa pili. Nikaona kwamba mwenye haki ya kuogopa ni yeye, si sisi.

Leo asubuhi tulikuwa shambani wote watatu, kwenye mlima ambapo mtandao unafika. Mama yangu aliponiona nasimama alijua. Hakunizuia. Nilimsomea yule mama yale maneno kama yalivyo.

Aliweka jembe chini. Nilidhani ataanguka, lakini alikaa tu juu ya udongo, akapangusa mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Usimwambie niko wapi," alisema. "Muulize jina la mbuzi wetu. Yule wa sikio moja. Binti yangu njo alimupa jina, hakuna mwingine anayelijua."

Niliandika kwenye telefone ya mama yangu, nikamtumia mtu yule peke yake. Alama moja tu ilionekana. Aliuliza inamaanisha nini, nikamwambia imetoka kwetu, bado haijafika kwake.

"Itafika," alisema mama yangu, ambaye alikuwa amenikataza.

Yule mama alishika jembe. Alilima haraka kuliko sisi, akatupita, na sisi tulibaki nyuma na mistari yetu, tukiisikiliza ile telefone.