Sinia la Idd Lisilo na Nyama

Idd Kubwa ya kwanza bila mama tulipika bila nyama. Kaka yangu mkubwa alikuwa na presha ileile iliyomchukua mama, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Jioni alikuwa akiibonyeza kwa kidole gumba, panabaki shimo. Analiangalia lile shimo, kisha ananiangalia mimi. Miguu ya mama nayo ilianza hivyohivyo.

Nesi wa kliniki alikuwa ametueleza vizuri. Nyama aipumzishe, mafuta apunguze, na chumvi ndiyo adui.

"Na siyo ya kwenye kopo tu," alisema. "Kuna vidonge vya supu. Kuna magadi mnayotia kwenye maharage na kisamvu. Yote hayo ni chumvi."

Kwetu magadi hayahesabiwi kuwa chumvi. Ni kitu cha kulainishia, kijiko kimoja na kuni zinapona. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Ningeweza kumtengea kaka chakula chake. Lakini mama tulimtengea. Siku ya Idd yake ya mwisho alikaa jamvini na kisahani chake cha wali mweupe, sisi tumezunguka sinia, na nilimwona anavyotazama mikono yetu inavyokwenda na kurudi. Wiki hiyohiyo alianguka akiwa anaosha masufuria, mdomo umekwenda upande. Kwa hiyo kaka aliponiambia, "Usije ukanitengea sahani, dada. Siku utakayonitengea nitajua mmeshanizika," nilimwelewa. Kama sahani haiwezi kutengwa, basi sinia zima libadilike.

Siku ya Idd, tangu alfajiri, mlima tunaoishi chini yake haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za juu yetu, na mvua ilikuwa haijanyesha wala haijaondoka. Majirani walikuwa wanachinja. Harufu ya nyama inayochemka ilikuja na moshi, ikakaa uani.

Nilipika pilau ya njegere na uyoga. Mahali pa supu ya nyama niliweka maji niliyochemshia karoti na vitunguu. Rangi niliitafuta kwenye vitunguu vyenyewe, nikavikaanga polepole kwa mafuta kidogo mpaka vikaiva hudhurungi. Mdalasini, iliki na bizari niliongeza, kwa sababu mkono ukiibana chumvi lazima uachie kitu kingine. Mbaazi nilikuwa nimeziloweka tangu jana yake. Tui zito niliwapa majirani, nikatumia lile jepesi, kisha nikaponda mbaazi kidogo ili mchuzi ushike. Kachumbari niliikamulia ndimu nyingi. Kaimati za shira hazikuwepo, palikuwa na tende na viazi vitamu vya kuchemsha.

Wifi yangu, mke wa kaka, alifunua sufuria akacheka. "Wifi, hii pilau iko eda?"

"Njegere nazo zimechinjwa," kaka akajibu kutoka barazani. "Nimesoma bismillahi mwenyewe."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka kwa sauti ndani ya nyumba ile tangu msiba, na nakumbuka niliogopa kidogo, kama vile tumefanya kelele mahali ambapo mtu amelala.

Mama mdogo alifika adhuhuri kutoka Kinole, juu mlimani, mdogo wake mama, ndiye mkubwa wetu sasa. Alishuka kwenye bodaboda na matope mpaka magotini, hotipoti ameifunga kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia hamli nyama. Nimewaletea kisamvu cha shambani, cha karanga. Mafuta sijatia hata tone."

Aliweka mwenyewe katikati ya sinia, upande wa kaka akaweka kingi zaidi. Kilikuwa kijani kibichi, kinang'aa, laini mno. Nilichota kidogo kwa ncha ya vidole. Kiliteleza ulimini, na nyuma ya ladha ya karanga nikaisikia ile ladha ya magadi, kama sabuni kwa mbali.

Kaka alikuwa ameshafinyanga tonge.

Hapo ndipo nilipopata hofu ambayo sijawahi kuipata. Nikinyamaza, kaka anakula kilekile tunachomkinga nacho. Nikisema, nimezuia mkono wa mtu asile chakula cha mama yetu mdogo, mbele ya watu, katika nyumba iliyotoka kuzika baada ya Idd iliyopita. Milimani kwetu jambo hilo lina maana moja tu, na halisahauliki.

"Mama," nilisema, "humu kuna magadi?"

"Kisamvu kitaivaje bila magadi?"

"Kaka asile."

Wifi aliinamisha uso. Mama mdogo alinikazia macho.

"Unaniita mchawi?"

"Hapana, mama. Nesi alisema magadi ni chumvi. Ni kwa mgonjwa tu."

"Magadi siyo chumvi! Mama yako kala magadi maisha yake yote!"

Nje mtu alikuwa ananoa kisu. Nilimwona mama mdogo akilisikia neno lake mwenyewe likirudi, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyekanyaga ngazi asikute kitu.

Kaka alitazama tonge lake, akamtazama yeye. Sijui kama alitaka kulila kwa kumwonea huruma. Nadhani alitaka. Mama mdogo ndiye aliyenyoosha mkono, akalitoa vidoleni mwake kama unavyomwondolea mtoto wembe. Akakivuta kile kisamvu chote upande wake, akala. Alikula bila kuinua macho. Sisi tulikula pilau na mbaazi.

Alasiri nilimsindikiza mama mdogo barabarani kungoja bodaboda. Wingu lilikuwa bado palepale. Mama alikaa kwake Kinole miezi yake ya mwisho, kabla hatujamshusha kwa ajili ya ile Idd. Yeye ndiye aliyempikia.

"Mwanangu," aliniuliza, "ni mkono wangu?"

Ningeweza kusema hapana. Mtu mwingine angesema. Mama alikuwa mtu mzima, alikuwa na presha ya miaka, vidonge alikuwa anameza siku nyingine na kuacha siku nyingine. Hayo yote ni kweli, lakini yeye hakuuliza hayo.

"Sijui, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akapanda pikipiki.

Kaka bado yupo. Miguu imepungua, kisha imerudi, kisha imepungua tena. Mama mdogo hajashuka tangu siku ile. Nikimpigia ananiambia njia inateleza, hata kiangazi.