Siku Nyanya Alipomkinga Mwizi

Ijumaa iliyopita tulirudi nyumbani Al Rayyan kutoka ibadani Mesaimeer, na binti yangu akaketi na somo lake la historia. Hapa Doha anasoma shule ya mtaala wa Kiingereza. Akanisomea jinsi Waingereza wa zamani walivyomnyonga mtu kwa kuiba kondoo, umati ukitazama huku ukila, na jinsi baadaye kitanzi kilivyohamishiwa ndani ya gereza, mpaka kikaachwa kabisa.

"Mum, wewe ushaona mtu akiadhibiwa hivyo?"

Niliepua wali, nikaketi naye, nikamsimulia.

Kama ulikulia kwetu, unajua siku ya soko ilivyokuwa: harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na mandazi, cherehani zikilia verandani. Nilikuwa bado mtoto, nimetumwa chumvi na nyanya aliyenilea, ambaye aliuza mboga hapo sokoni. Nikasikia "Mwizi!" na soko zima likakimbilia upande mmoja. Kijana wa jirani alikuwa ameshikwa na kuku wa watu. Walimpiga kwa mawe na mipini ya majembe. Jino lake lilianguka karibu na mguu wangu. Fundi wa baiskeli akaja akiviringisha tairi kuukuu, mwingine akaitisha mafuta ya taa.

Nyanya aliacha mboga zake, akapenya, akajilaza juu ya yule kijana. Kanga yake ikalowa damu. Rungu lililokuwa limeshainuliwa likamvunja mkono.

"Enzi za ukoloni Mzungu alimfunga mume wangu kamba hapa hapa," alisema, "akaamuru achapwe viboko mpaka mgongo ukachanika. Baba zenu walisimama wakitazama. Leo niueni mimi kwanza."

Mwalimu wetu, ambaye naye alikuwa ameshika jiwe, alilidondosha, akaenda kuwaita polisi. Kijana alifungwa. Mkono wa nyanya uliunga vibaya, na tangu hapo mimi ndiye niliyesonga ugali.

Alipotoka jela, yule kijana alikuja kutulimia kila msimu bila kuombwa. Nyanya alipofariki, alichimba kaburi na hakukubali mtu ampokee jembe.

Siku hizi sokoni pamejaa maghorofa. Wengi waliokuwapo wamezikwa, na waliobaki hawautaji mchana ule. Ajabu ni kwamba, pamoja na damu ile yote, bado napatamani. Nikienda likizo, yule kijana wa siku ile, sasa mzee, huja kuketi nami uani. Hunieleza nyanya alivyokuwa akimkaripia kwa kulima matuta kombo. Tumebaki wawili tu tunaoikumbuka sauti yake.