Ndoto za Tengani

Mimi ni mnunuzi wa kuku. Nawafuata minadani na vijijini, nawaleta uani kwangu hapa Utemini, na matenga yakijaa nawapandisha basi la Dar. Naanza na hilo kwa sababu ndoto zangu zilianzia hapo hapo. Ningekuwa fundi cherehani, labda ningeota sindano.

Kabla ya ndoto niliugua ugonjwa usio na homa. Nilikuwa nakaa uani tangu asubuhi, kuku wananidonoa vidole vya miguu, na mguu siuondoi. Chakula kilikuwa kama mchanga. Watu wakicheka, nilikuwa nawatazama nisielewe wamepata wapi nguvu. Mke wangu ndiye aliyenikokota hospitali, na daktari akaniambia nina sonona, akanipa vidonge vya kumeza kila jioni. Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote. Halafu siku moja nikajikuta nabishana na mteja juu ya bei ya jogoo, nabishana kwa moyo wote, mpaka mate yananiruka. Mke wangu alisimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa khanga, analia kwa furaha. Nikajua dawa zimefika.

Tatizo ni kwamba hazikufika peke yake. Zilikuja na ndoto, na si zile ndoto ambazo mtu akiamka zimeshayeyuka. Ndotoni mimi ndiye kuku. Nimebanwa ndani ya tenga pamoja na watu ninaowafahamu, wote kimya, na harufu ya mbolea naisikia kabisa. Mkono unaingia kwa juu, unapapasa mmoja mmoja kidarini kama wanavyofanya wanunuzi, kisha unachukua mtu. Safari moja ulinifikia mimi. Ukanibonya, na sauti ikasema, "Huyu amekonda, lakini kwa supu atafaa." Mchana ningecheka. Kule tengani nilipiga yowe mpaka nikaamsha mtaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Walimaanisha kilio cha msiba. Mimi nilifichuliwa na kilio changu mwenyewe, nikiwa hai. Asubuhi majirani walikuwa wanakuja kwa kisingizio cha kuomba moto, wananichungulia. Mmoja alisema nimekaliwa na jinamizi. Mwingine alisema damu ya kuku niliowauza inanidai. Kama ni hivyo, basi wenye mabucha wasingelala hata dakika moja.

Mama yangu, aliyekuwa ametoka Iramba kuja kuniuguza, hakuona cha kuchekesha. Aliniita, akaniketisha mbele yake.

"Baba, kabla ya hivi vidonge ulikuwa umenyamaza, lakini ulikuwa unalala. Sasa unalia kama mtu anayechinjwa. Hilo limeingia na dawa. Ziache."

"Siachi, mama."

"Unanibishia mimi?"

"Shikamoo mama, lakini siachi."

Aliitikia marahaba kwa mazoea tu, uso umekunjamana. Niliona ameumia. Lakini mimi nilishaonja kugombania bei ya jogoo, na sikuwa tayari kurudi kwenye kile kiti cha uani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Manyoni kununua kuku. Niliporudi, pakiti ya dawa ilikuwa juu ya meza, tupu. Mama hakuficha.

"Nimetupa chooni. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mama hafokewi, kwa hiyo nilitoka nje, nikasimamisha bodaboda, nikarudi hospitali na vumbi langu lote la safari. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, hata kile kipande cha supu, wala hakucheka. Akasema dawa hizi zinajulikana kuleta ndoto kali kwa baadhi ya watu, na kwamba si jini wala deni la kuku. Akanipa pakiti nyingine na kunionya nisije nikazikatisha ghafla. Tungejaribu kuhamishia kidonge asubuhi badala ya jioni, na ndoto zikikataa kuondoka, nirudi tuangalie njia nyingine. Nilimuuliza kama ananihakikishia zitakwisha. Akasema hapana. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kesho yake nilimkuta mama jikoni anakoroga uji. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikameza kidonge akiniona. Mwiko ukasimama.

"Mama, naomba unisikilize, hata kama utakasirika," nikamwambia. "Unasema zamani nilikuwa nalala. Ni kweli. Lakini siku moja nilikuwa navuka barabara ya Dodoma, lori likapiga honi nyuma ya mgongo wangu. Sikukimbia. Hata hatua sikuongeza. Lilinikwepa, dereva akanitukana, na mimi nikaendelea kutembea polepole kama niko uani kwangu. Sikuogopa, mama. Niliona ni sawa tu, linigonge au liniache."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Mama alikuwa ananitazama, na uji ulianza kushika chini, naye hauoni.

"Na usiku?" akauliza.

"Usiku naogopa. Mkono ukiingia najisukuma mpaka kwenye kona ya tenga. Napiga kelele kwa sababu sitaki kuchukuliwa."

Aliepua sufuria. Alichota uji wa juu, ambao haukuungua, akanijazia kikombe na kuniwekea mkononi, akanikunjia vidole juu yake kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

"Basi ota, baba," akasema. "Piga kelele unavyotaka. Majirani nitawajibu mimi."