Kabati Lenye Sauti ya Mvua

Fundi wa makasha ya spika za gitaa hakuyategemea macho yake katika kuchagua mbao. Alizigonga kwa vifundo vya vidole, akafumba macho, akasikiliza. Meza za watu, milango ya wakwe, vyote alivigonga, hadi mkewe akaona haya kutoka naye.

Siku moja mpiga gitaa alitaka kasha lenye sauti ya mvua inayonyesha mbali. Fundi akagonga kila ubao karakanani, akaambulia patupu. Jioni, akiwa amejilaza nyumbani, mkono wake ukagusa kabati la mkewe, zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe. Akaligonga. Mvua ikanyesha, mbali kabisa, kama ng'ambo ya usingizi.

"Hilo hapana!" mkewe akafoka. "Kagonge kichwa chako, nacho ni kitupu, kitalia vizuri!"

Fundi akanywea. Siku tatu hakuligusa, ila alilala akiligeukia.

Siku ya nne alilikuta wazi, nguo zote zimekunjwa kitandani.

"Lichukue," mkewe alisema, akitazama pembeni. "Nimeshinda nikiligonga. Hata mimi nimeisikia hiyo mvua yako."