Kituo Nilichokifuta

Safari yangu ya Tanzania niliipanga kwenye kaye, daftari la shule, mimi niliyeacha masomo darasa la saba. Nilitaka konje, likizo kama ya watu wakubwa: Ujiji kwanza, halafu Bagamoyo, halafu Kilwa yenye misikiti ya mawe, mwisho Unguja. Nchi ile ina historia mpaka inamwagika. Bahari niliipaka rangi ya kubuni tu, maana maji ninayoyajua ni ya ziwa letu hapa Rumonge, Burundi.

Mama alikuwa akichambua chikichi za kukamua mawese. Nilipomsomea orodha alicheka, akauliza kama huko Kilwa nitakula hayo mawe. Kisha, taratibu, akauliza kama basi haliwezi kupitia Mpanda, kwenye kijiji tulichoishi ukimbizini. Nilizaliwa pale, nikatoka nikiwa mgongoni.

“Mama, kule hakuna kitu cha kuona.”

“Kule iko dada yako,” akasema. “Nilimuzika nyuma ya jikoni. Nataka twende wote.”

Nikaandika Mpanda kwa penseli. Lakini nilipopima njia niliona itanilia siku mbili, tena siku za Kilwa, nikaifuta. Sikumwambia. Kila alipouliza, nilisema bado napanga. Na kweli nilikuwa napanga: nikisikia mahali papya pazuri, nasogeza safari mbele ili paingie. Mwaka ukaisha, na mwingine.

Mwaka huu mama alianza kuchanganya chikichi mbivu na mbichi kwenye karai. Nilimtania kwamba uzee umebisha hodi. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na mwanga uliokwisha kupotea haurudi.

Sasa kwenye kaye nimebakiza Mpanda peke yake, kwa kalamu ya bic isiyofutika. Lakini lile kaburi halina msalaba wala jiwe, na aliyelijua kwa macho ni yeye tu. Jana nilimwomba anielekeze. Akasema nishuke penye kisima, nihesabu nyumba tano, nikiona jikoni ya udongo yenye mlango wa kutazama mashariki, nizunguke nyuma.

Ile jikoni wazazi wangu waliibomoa wenyewe siku ya kurudi Burundi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuhadithia.

“Umeandika?” akauliza.

“Nimeandika, mama.”

Na nilikuwa nimeandika, mpaka ule mlango.