Sabufa Katikati ya Mikeka

Sabufa ile aliileta mume wangu, na tangu siku ya kwanza niliichukia. Sebule yetu hapa Tottenham inatosha watu wanne wanaopendana sana. Ukifungua mlango unagonga sofa, ukivuta droo unagonga meza, na friji nayo imejikaribisha humo humo kwa kuwa jikoni haikuenea. Katika chumba hicho mume wangu aliingiza spika mbili na boksi la besi lenye ukubwa wa ndoo ya maji, ili asikie mpira kama yuko uwanjani.

"Inahitaji nafasi ya kupumua," aliniambia.

Nikamwambia hata mimi naihitaji.

Alihangaika nayo siku nyingi. Akiisukuma pembeni, kuta mbili zinapokutana, ilinguruma hadi vikombe vikacheza kabatini na jirani wa chini akaanza kugonga dari lake kwa mpini wa fagio. Akiiweka nyuma ya sofa, watangazaji walisikika kama watu waliofungiwa stoo. Mwishowe aliniwekea sheria ndani ya nyumba yangu mwenyewe: sabufa isikae pembeni, spika ziwe usawa wa masikio, na lile zulia zito lisitolewe, maana ndilo linalomeza mwangwi. Nilimwachia sheria zake. Mimi nilibaki kupangusa vumbi juu ya madude yale huku nikisonya.

Kisha kaka yangu akapiga simu kutoka Tanga, asubuhi, nikiwa nafunga vifungo vya sare ya kazi. Alisema mama ametutoka alfajiri, na wangemzika baada ya alasiri.

Sikulia. Nilifungua droo ninamoweka pasipoti, ingawa nilijua haimo. Ilikuwa kwa watu wa uhamiaji pamoja na maombi yangu ya ukaazi, na kuondoka Uingereza katika hali ile kulikuwa na maana ya kutoweza tena kuwarudia wanangu. Nilipekua droo mpaka chini, nikaifunga, nikaifungua tena. Mwili mzima ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea na haukuwepo.

Nikampigia kaka. "Basi nionyeshe kwa video. Nimwone anavyozikwa."

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi simwelekezei mama kamera, na hakuna atakayemwelekezea."

"Basi nisikie tu. Weka simu mfukoni mwa kanzu, iwe wazi. Sitaki kingine."

"Hata ungekuwepo hapa, makaburini usingefika. Ungebaki nyumbani na wanawake wenzio."

"Ningebaki nyumbani kwa mama," nilisema. "Hapa nabaki wapi?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema sawa, ataiweka mfukoni.

Mume wangu alikuwa ameacha basi lake kwa dereva mwingine akarudi nyumbani. Nilimweleza, nikamwomba, kwa kinywa changu hiki, atege sabufa. Sauti ya simu peke yake ni nyembamba, na mimi nilitaka mazishi yaingie chumbani. Hakunitania, ingawa nafasi ilikuwa imejileta yenyewe. Alileta waya, akapandisha spika moja juu ya friji na nyingine kwenye mkono wa sofa, akaivuta sabufa mbali na ukuta, akapiga magoti katikati ya zulia na kusikiliza, akazisogeza tena kidogo. Tukampigia kaka kujaribu.

Kwanza ulitoka mluzi mkali. "Zima maiki yako!" kaka alisema. "Huku inapiga kelele, watu wananitazama." Nikaizima, na mluzi ukakoma. Baada ya hapo sauti ilikuwa safi mno. Nilisikia sufuria zikiburutwa uani. Nilisikia geti la mama likifunguliwa, lile lenye bawaba inayolia kila siku na ambalo kila siku mama alisema atamwita fundi. Hapo ndipo nilipolia, nikalia hadi nikashindwa kusimama. Mume wangu alinishika, akasema, "Angalau utasikia vizuri." Nilishikilia neno hilo. Siku ile nzima sikuwa na kingine cha kushika.

Aliteremka chini kupokea wanaume, nami nikaingia bafuni kuoga na kutawadha.

Nilipotoka, sebule haikuwepo. Wanawake wa kwetu walikuwa wamefika, wa hapa Tottenham na wengine kutoka mbali, na walikuwa wamefanya kile ambacho hata mimi ningefanya nyumbani kwao bila kuuliza. Penye msiba viti vinatoka na mikeka inaingia. Sofa lilikuwa limesimamishwa wima kwenye korido, karibu na lifti, na matakia yake. Meza ilikuwa nje. Zulia lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Mikeka ya plastiki ilikuwa imetandikwa ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa kwenye nyumba ya msiba hapapigwi muziki, spika zilikuwa zimewekwa sakafuni na sabufa imesukumwa pembeni kabisa, imefunikwa kanga kwa adabu. Walikuwa wamekaa katikati wakinisubiri, kundi moja. Wakanikumbatia mmoja mmoja, na kila aliponikumbatia mtu nilikuwa natazama ile kanga juu ya bega lake.

Simu ikaita.

Niliipokea, nikazima tena maiki yangu, na chumba kikajaa kishindo kisicho na umbo. Walikuwa wamekwisha beba jeneza. Wanaume walikuwa wanaitikia, hilo nilijua, lakini maneno yaligonga kuta tupu yakarudi yakagongana, huku sabufa ikinguruma kule pembeni kila kitambaa cha kanzu kiliposugua simu. Sikupata hata neno moja. Nikakanyaga mikeka na viatu vyangu vya bafuni. Nikainua spika moja, sikuwa na pa kuiweka, juu ya friji walikuwa wamejaza vyombo. Nikageuza ndoo juu chini nikaiweka hapo, ikaanguka. Ya pili nikampakatisha mwanamke mmoja bila kumwomba, nikamgeuza mabega kama ninayegeuza kabati. Nikavuta kanga, nikaivuta sabufa kwa waya wake. Hali ikawa vile vile. Wenzangu wa Tanga walikuwa wanatembea kwenda kumzika mama yangu na mimi nilikuwa nasikia tangi la maji.

Bibi mmoja wa Mombasa, ambaye ndiye huosha maiti wetu wa kike hapa London na hakuna anayembishia, alinishika mkono.

"Mwanangu, izime. Makaburini tumewaachia wanaume. Keti nikushike."

"Sizimi."

"Utajiumiza bure, mwanangu."

"Mama, sizimi!" Nilimpigia kelele mtu ambaye huwa namwamkia nimeinama. "Sikumwosha, sikumvisha sanda, sikumbusu. Nimebakiwa na sauti tu, na sauti yenyewe mmenitolea nje pamoja na sofa!"

Wanawake waliinamisha vichwa. Nilikuwa na hasira nao, nilikuwa na hasira na kaka, na mume, na fundi wa geti ambaye hakuwahi kuitwa. Bibi akawageukia wenzake.

"Haya, sogeeni ukutani nyote. Mwacheni mfiwa katikati."

Ndivyo inavyofanywa, mfiwa aachiwe pahala pa kuanguka. Wakasogea. Wengi hawakuwa wamevua makoti, maana hapakuwa na pa kuyatundika, na sasa waliegemea kuta zote nne, bega kwa bega, makoti na mabaibui na mitandio, wengine wamepakata watoto. Mimi nilipiga magoti katikati na sabufa mbele yangu, mbali na kila pembe, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Na mwangwi ukafa. Haukupungua polepole, ulikufa. Maneno yakasimama moja moja. Nikasikia viatu mchangani, mtu akikohoa, kaka akisema, "Taratibu, taratibu upande wa kichwa."

Tulisikia wakimteremsha. Tulisikia mbao zikipangwa. Tulisikia majembe, na udongo ulipoanguka sabufa iliushusha sakafuni, ukapita chini ya mikeka, ukatufika magotini. Bibi wa Mombasa alikuwa ameweka kiganja chake chini. Alikuwa amezikiwa mama, mume na mtoto, na kila mara alikuwa nyumbani na wanawake.

"Kumbe ndivyo," alisema polepole.

Wakasoma dua. Nikaitikia amina na wao, na kwa kitambo kile nilikuwepo. Naweza kuapa kwamba nilikuwepo. Mama alikuwa mbele yangu, umbali wa mkono, na nilifikiri nitakaa naye hivyo hivyo mpaka giza liingie, hata kama hakuna linalosemwa.

Kisha vikaja vishindo.

Tangu chuo cha Kurani, tukiwa wadogo, tulifundishwa kwamba maiti akishafukiwa husikia vishindo vya viatu vya waliomzika wakiondoka. Niliijua habari hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani na sikuwahi kuifikiria. Sasa niliisikia kwa magoti. Kishindo, kishindo, viatu vingi, vikigeuka, vikienda. Nilikuwa nasikia alichokuwa anasikia mama. Ila vya wengine vilikuwa vinafifia, na kimoja kilibaki karibu, kizito, hakififii, na ndipo nilipoelewa kuwa simu iko mfukoni mwa kaka. Nilidhani nimetafuta njia ya kubaki na mama, kumbe nilikuwa nimo katika wanaomwacha.

"Rudi!" Niliipigia sabufa kelele, nimeikumbatia kwa mikono miwili. "Kaka, rudi! Usimwache peke yake! Rudi kidogo tu!"

Bibi alikuja kwa magoti akanishika mabega.

"Hakusikii, mwanangu."

Nilijua. Maiki nilikuwa nimeizima mwenyewe, na simu ilikuwa kule ukutani mwishoni mwa waya, na mikono yangu haikukubali kuiachia sabufa. Nilikuwa nahisi kila hatua kifuani. Ukafunguliwa mlango wa gari, na mtu akamwambia kaka asogee ndani kidogo, wengine nao wapate pa kukaa.